Nimebaki msichana peke yangu darasani: niache Hesabu mwaka wa mwisho?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 18, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Nasoma masomo manne: Biolojia, Kemia, Jiografia na Hesabu, hizi Hesabu za juu zenye kalkulasi na vekta. Ndoto yangu tangu zamani ni famasia, ingawa siku hizi wakati mwingine nafikiria pia mambo ya kompyuta.

Tatizo ni Hesabu. Mwaka jana nilikuwa napata hamsini na kitu, si nyingi lakini nilikuwa naelea. Mwaka huu mtihani wa kwanza nilipata 38, wa pili 31, na huu wa majaribio wa juzi 24. Siyo kwamba sisomi. Nusu ya muda wangu wa kujisomea unaishia kwenye Hesabu, siku nyingine zaidi. Nalala saa saba za usiku, alfajiri naamka kurudia. Kemia, ambayo nilikuwa naongoza darasa, imeshuka hadi 57. Biolojia inajikongoja kwenye sitini. Jiografia tu ndiyo bado iko juu, 78, na ndiyo ninayoisoma kidogo kuliko zote.

Mwalimu wa darasa anasema shule inaruhusu kubaki na masomo matatu, mradi niamue kabla majina hayajapelekwa kwenye usajili wa mtihani. Hiyo ni wiki tatu kuanzia sasa. Mwalimu wa Hesabu hataki kusikia habari hiyo, anasema wengi huamka dakika za mwisho, nivumilie.

Baba ndiyo kabisa. Aliposikia tu neno kuacha, alisema katika familia yetu hakuna anayeanza safari akaishia njiani, na kwamba miaka yote niliyosoma Hesabu itakuwa imepotea bure. Mama ananiambia nifanye ninachoona kinafaa, ila hayo ananiambia baba akiwa hayupo.

Kuna jambo lingine naona aibu kulisema. Tulianza wasichana watano kwenye darasa la Hesabu. Wanne wameshaacha. Nikiuliza swali kuna wavulana wanacheka chinichini, kwa hiyo siku hizi siulizi. Wenzangu walioacha wananiambia na mimi nitoke nipumzike, lakini nahisi nikiondoka nitakuwa nimethibitisha maneno yao wale wavulana, kwamba wasichana hawana kichwa cha Hesabu. Halafu nikiwa peke yangu najiambia labda kweli sina.

Cha ajabu, nyumbani nikifanya maswali taratibu mengi nayapata. Kwenye mtihani nakuwa kama sijawahi kuyaona.

Niache au nikomae?

Binti wa mwaka wa mwisho


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Barua yako imejaa alama za mitihani, lakini sentensi iliyonisimamisha haina hata namba moja. Unasema unataka famasia, "ingawa siku hizi wakati mwingine nafikiria pia mambo ya kompyuta", halafu ukaipita hiyo kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani bila kubisha hodi. Rudi ubishe. Jibu la swali lako liko humo kuliko kwenye ile 24.

Kwa famasia, somo linaloshika ufunguo ni Kemia, na mara nyingi Biolojia iko ubavuni mwake. Hesabu za juu, vyuo vingine huzitaja miongoni mwa masomo yanayofaa, vingine hutosheka na ufaulu wa Hesabu wa cheti cha chini, ambao bila shaka unao, usingeingia darasa hilo bila huo. Kwa kompyuta mambo hugeuka. Sayansi ya kompyuta ni jamaa ya uhandisi na takwimu, na vyuo vingi hutaka Hesabu za juu kwa jina lake, au huwaweka mbele walio nazo. Mlango huo ukiufunga leo, kuufungua tena huko mbele kunawezekana, lakini kwa gharama ya mwaka mzima au zaidi.

Basi jiulize kompyuta ni nini kwako. Je, ni kitu unachokigusa mwenyewe, unachokaa nacho bila kuambiwa na mtu, hata kama ni programu ndogo uliyojifunza kuandika kwa kubahatisha? Au ni jina la kazi ulilosikia kwamba ina soko? Sikukejeli. Watu wengi wa umri wako wana ndoto ya pili inayokuja usiku, hasa pale ndoto ya kwanza inapoanza kuwatoa jasho. Lakini ndoto ya kukimbilia si sawa na ndoto ya kweli, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuzitenganisha.

Fanya hivi wiki hii, usingoje ya tatu. Chukua vyuo vitatu au vinne unavyoweza kwenda kweli, uandike masharti ya kozi unazozitaka kama yalivyo kwenye mwongozo wao wa udahili wa mwaka huu. Usifuate alivyosema binamu aliyeingia chuo zamani, kwa sababu masharti hubadilika. Pasipoeleweka, piga simu ofisi ya udahili uulize swali moja tu: mwenye Biolojia, Kemia na Jiografia anapokelewa?

Halafu soma sheria za cheti chenyewe. Hapa naomba wasomaji wengine nao wasogee, maana najua wapo watakaochukua maneno yangu kwako wakayafanya yao bila kuangalia walipo. Mitihani haifanani. Kwenye A-level za Uingereza kila somo lina alama yake peke yake, na vyuo kwa kawaida huomba matatu, kwa hiyo la nne likitoka mengine hayatikisiki. Diploma ya International Baccalaureate ni masomo sita, na ukipunguza moja diploma yenyewe haipo tena. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hudai masomo yasiyopungua saba. Kidato cha sita Tanzania, daraja hutokana na masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliopangiwa mwanafunzi, kwa hiyo huko kuacha moja ni kuivunja tahasusi yote. Wewe una manne na umeambiwa matatu yanatosha. Una nafasi ambayo wenzako wengi hawana.

Sasa nikuambie ninapoegemea. Kama famasia ndiyo yenyewe, na kompyuta ni mawazo ya saa saba za usiku, acha Hesabu. Nasema hivyo kwa sababu ya ile 57 ya Kemia, wala si kwa sababu ya 24. Hiyo 24 inauma, lakini haikuzuii kuwa mfamasia. Kinachoweza kukuzuia ni Kemia inayoteremka huku wewe umekaa na somo jingine hadi usiku wa manane. Umelipa nusu ya muda wako, na alama zimeshuka mara tatu mfululizo. Mwalimu wako anasema wengi huamka dakika za mwisho, na ni kweli wapo, lakini sijasikia akikuambia ni mada zipi zitakazokuamsha wala lini atakaa na wewe kuzipitia. Uvumilivu bila mpango ni kungoja tu.

Na kama kompyuta ni ya kweli? Hapo swali si kama uache Hesabu. Wengine watakushauri utoe Jiografia badala yake. Mimi sioni faida: unaisoma kidogo kuliko zote na inakupa 78, ukiitoa utaokoa saa chache mno na kupoteza alama yako nzuri kuliko zote. Bora ubaki na yote manne, ubadilishe namna ya kusoma, na udai msaada unaostahili.

Kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio moja. Unasema nyumbani maswali mengi unayapata. Niambie kweli: unapoyapata, daftari la mifano liko wazi pembeni? Kama liko wazi, huo si ujuzi bado. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine walifunga karatasi wakajipima wanakumbuka nini. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliobaki na mengi zaidi. Kurudia kwa macho kunampa mtu raha ya kudhani anajua. Basi tafuta mtihani wa miaka iliyopita ambao hujawahi kuufanya, funga daftari, weka saa, fanya peke yako nyumbani ukiwa umelala vizuri usiku uliotangulia. Usipolala, jaribio halina maana.

Ukipata kama zile za shuleni, ina maana kuna mapengo ya chini, pengine ya aljebra ya madarasa ya nyuma, na miezi iliyobaki ni michache kwa kazi hiyo ukiwa na masomo mengine matatu. Ukipata kwa mbali zaidi, basi tatizo ni chumba cha mtihani na kinachokutokea humo. Kinaitwa wasiwasi wa hesabu, na kimepimwa. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wasiwasi huo hula ile sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia namba wakati bado unaendelea kukokotoa. Maswali mepesi hayaathiriki sana, yenye hatua nyingi ndiyo yanayoporomoka. Na kalkulasi ni hatua juu ya hatua. Ongeza usingizi wa saa nne, ongeza maswali uliyoyameza darasani kwa kuogopa kuchekwa, na sioni ajabu yoyote kwenye hiyo 24.

Kwa hiyo neno "sina kichwa cha Hesabu" nalikataa. Silikatai ili nikufariji. Nalikataa kwa sababu litakudhuru hata ukishaacha. Utalibeba mpaka kwenye Kemia, na Kemia ya mwaka wa mwisho imejaa hesabu toka mwanzo hadi mwisho. Kuna moli na uwiano wa milinganyo. Kuna pH, kipimo cha ukali wa asidi, ambayo ni logarithimu tupu: tofauti ya 1 tu ina maana ioni za haidrojeni zimezidi au zimepungua mara 10. Kuna grafu za kasi ya mmenyuko zinazotaka usome mteremko wa mstari, na fomula unazotakiwa kuzigeuza ili upate kisichojulikana. Biolojia nayo ina takwimu zake za kuamua kama tofauti uliyoiona kwenye jaribio ni ya kweli au ya bahati. Na ukifika kwenye famasia yenyewe, dozi huhesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mgonjwa, dawa ya maji huzimuliwa kwa uwiano, na nukta ikikaa mahali pasipo pake mtoto anapewa mara 10 ya dawa aliyoandikiwa.

Unachokiacha, basi, ni karatasi ya mtihani. Hesabu yenyewe unabaki nayo. Kalkulasi na vekta waachie wanaozihitaji, lakini tenga saa mbili kila wiki kwa ajili ya vipeo, logarithimu, uwiano, grafu na kugeuza fomula, ukitumia maswali ya Kemia na Biolojia, sio ya kitabu cha Hesabu. Mwombe mwalimu wa Kemia akuchagulie. Nadhani utashangaa jinsi hesabu ilivyo tulivu inapokuwa haina jina la somo juu yake.

Nije kwa wavulana. Hukuchaguliwa kuwa mbunge wa wasichana. Wale wanne walioacha waliondoka kwa sababu zao, na wewe ukiondoka kwa hesabu nzuri ya maisha yako hutakuwa umethibitisha lolote kuhusu mtu mwingine yeyote. Kubaki kwenye somo ili kuwanyamazisha watu wanaocheka chinichini ni kuwaachia wao wakupangie masomo. Na kutoka ili kuwakimbia ni vilevile. Ndiyo maana nimekutaka uanze na masharti ya vyuo na alama ya Kemia, mambo ambayo wao hawamo.

Lakini vicheko visipite hivihivi. Wasichana watano wameingia, wanne wametoka, wa tano yuko mlangoni, na hakuna mtu mzima aliyeuliza kulikoni? Nenda kwa mwalimu wa Hesabu, nje ya darasa, umwambie kwamba umeacha kuuliza maswali na kwa nini. Mwalimu anayekuambia uvumilie ana wajibu wa kujua unavumilia nini. Ukiona vigumu, anza na mwalimu wa darasa au mwalimu wa kike unayemwamini. Fanya hivyo hata kama umeshaamua kutoka, kwa ajili ya wa mwaka ujao.

Kuhusu muda utakaopatikana, tahadhari. Saa zilizokuwa za Hesabu hazitahamia Kemia zenyewe. Zisipopewa kazi siku hiyo hiyo, zitaliwa na simu na maongezi, na hao rafiki zako wanaokuita upumzike watakuwa wa kwanza kuzila. Vipindi vya Hesabu kwenye ratiba ya shule vipangie mahali pa kukaa na mada ya kufanya. Kabla ya yote lipa deni la usingizi. Kemia ifuate, na uanze kwa kutafuta hizo alama 43 ulizopoteza zilikwenda wapi: ulikuwa hujui, ulijua ukakosa muda, au ulijua ukakosea ovyo? Kila moja ina dawa yake, na bila kujua hilo utarudia kusoma sura ya kwanza ambayo tayari unaijua.

Sasa mzee. Baba yako si mkorofi, anasema wanachosema wazazi wengi, kwamba kilicholipiwa kisitupwe. Mtego huo wa akili umechunguzwa. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer waliandika juu ya watu walionunua tiketi za msimu mzima wa maigizo, baadhi kwa bei kamili na baadhi kwa bei iliyopunguzwa bila wao kuiomba. Waliolipa kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi miezi ya mwanzo, ingawa maigizo yalikuwa yale yale na fedha ilikuwa imeshatoka kwa wote. Miaka yako ya Hesabu nayo imeshatoka, ubaki au uondoke. Kitu pekee ambacho bado kiko mkononi mwenu ni miezi iliyobaki.

Lakini usimwendee baba na habari za utafiti, utaonekana unamfundisha. Mtangulize mama, naye aseme mbele ya baba kile anachokuambia pembeni. Kisha wewe uende na karatasi mbili. Ya kwanza ni masharti ya famasia kutoka vyuoni, ya pili ni alama zako za Kemia tangu mwaka jana hadi leo. Usitumie neno kuacha, kwake lina harufu ya kushindwa. Mwambie: "Baba, safari ni ya famasia, na gari lake ni Kemia. Naomba ruhusa nishushe mzigo mmoja ili tufike." Kisha nyamaza umsikilize. Akiuliza kama ungeweza kurudia Hesabu baadaye ukiihitaji, jibu la kweli ni kwamba mifumo mingi huruhusu mtu kufanya somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na utakuwa umeshauliza shuleni kama wenu unaruhusu. Akikataa siku hiyo, usigombane. Mwombe azungumze na mwalimu wa Kemia. Baba wengi husikia kwa mwalimu kile wasichokisikia kwa mtoto.

Vyovyote utakavyoamua, maliza kwa maandishi. Omba fomu au andika barua, mzazi atie saini, ubaki na nakala yenye tarehe. Uliza kama kuna ada ya kubadilisha usajili na kama kuna siku ambayo ukishaivuka hakuna kurudi. Na orodha ya watahiniwa ikitoka, isome mwenyewe kabla haijaondoka shuleni: jina lako lilivyoandikwa, na kila somo unalobaki nalo.